Fumua, Mwanangu

Jumapili usiku

Leo nimetimiza pima 5 za ukili, ule mkanda wa majani ya ukindu unaosukwa kisha kushonwa kuwa mkeka. Nimeupima kama anavyopima shangazi, mikono nimeitanua mpaka ncha za vidole, na moyo umenituama.

Mwezi uliopita tulikuwa tunafunga hesabu ofisini. Nikirudi Mbagala usiku, najitupa kitandani na simu. Video hii, kisha ile, kisha nyingine: mapishi, mahubiri, ugomvi wa watu nisiowajua. Saa saba usiku macho yanawasha, na ungeniuliza nimetazama nini, nisingekuwa na jibu. Asubuhi zile hesabu zilizogoma kulingana nazikuta palepale, nami sijalala. Huko ndiko nilikokuita kupumzika.

Shangazi alikuja kutoka Pangani na fungu la ukindu uliokwisha kuchemshwa na rangi, zambarau na kijani, na mwingine mweupe. Jioni aliketi sakafuni, akaunyunyizia maji ulainike, akaanza kusuka. Nikasogea. Nilifundishwa utotoni, lakini vidole vilikuwa vimesahau. Nilipokosea mara ya tatu nikataka kuendelea hivyohivyo, akanishika mkono.

"Fumua, mwanangu. Kosa la ukili halijifichi. Mkeka ukishashonwa, utaliona kila ukikaa."

Nikafumua, karibu shibiri nzima.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria jambo hili. Simu haikunidai chochote, ndiyo maana wasiwasi ulipata nafasi ya kukaa nami mle mle. Ukili unadai. Chane hii ya ukindu ipite juu, ile chini, moja ikikaribia kuisha uchomeke nyingine mapema, ukingo usilegee. Ukiwaza ya ofisini kidogo tu, mkono unapotea njia. Nikija kuinua kichwa, mabega yameshuka, na sikumbuki yalishuka saa ngapi.

Sisemi kila kutazama ni kubaya. Mpira na kaka zangu, tukipiga kelele sebuleni, huniacha mwepesi. Nasema juu ya kule kutazama peke yangu gizani, kidole kikisukuma tu. Kulinila usiku mwingi, na nauonea uchungu.

Shangazi amesharudi kwake. Jana alipiga simu, hata salamu hazijaisha akauliza nimefika wapi. Nikamwambia nakaribia pima ya 5.

"Bado sana," akasema. "Ukingo umekaza?"

Nikaenda kuuangalia kwenye mwanga.