Jina lililopotea kwenye daftari langu la maombi

Kwa miaka mingi rekodi yangu ya maombi ya alfajiri ilikuwa siku 12. Nilikuwa naanza kwa moto: kengele ya simu, daftari jipya, orodha ya watu na mahitaji yao. Siku ya 13 nazima kengele, nasema dakika tano tu, na hapo ndipo safari inapoishia. Miezi inapita, linakuja kongamano au neno zito la Jumapili, nanunua daftari lingine.

Nilijiita mvivu na kujitibu kama mvivu. Nililala mapema, nikaiweka simu mbali na kitanda, nikafunga, nikapatana na rafiki tuamshane. Na kusema kweli mahubiri mengi niliyosikia yalinisukuma huko huko, kwa sababu yanahangaika sana na saa ya kuamka kuliko na huyo anayeamka.

Jambo lilijulikana siku nilipokuwa natafuta karatasi fulani nikakutana na madaftari matatu ya zamani. Nikayafungua kwa aibu kidogo. Katika la kwanza, kwenye orodha ya watu ninaowaombea, jina la ndugu mmoja tuliyehudumu naye lilikuwa la pili, baada ya mke wangu. Katika la pili limeshuka hadi chini, na mbele yake hakuna ombi lolote. Katika la tatu halipo kabisa. Sikukumbuka kulifuta.

Nilijua lilikoanzia. Kiongozi wa kikundi chetu cha Biblia aliondoka, na kila mtu, nami nikiwa wa kwanza, alidhani nafasi ni yangu. Akateuliwa yeye. Nilimwandikia papo hapo: "Hongera sana ndugu yangu, Mungu azidi kukuinua." Kisha nikailaza simu kifudifudi mezani, na jioni ile nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya mtu anayejali, kwamba ni kijana mzuri ila bado hajakomaa kiroho. Sikumtukana, wala sikumfanyia hila yoyote. Ndiyo maana haikunijia kuiita dhambi.

Marko 7 inataja mambo yamtokayo mtu moyoni, na pamoja na uuaji na uzinzi kuna neno fupi: kijicho. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi, naliruka, macho yakiwa kwenye yale makubwa ambayo hayakunihusu. Zaburi 66:18 nayo nilikuwa naitumia kufundishia wengine: "Kama ningaliwaza maovu moyoni mwangu, Bwana asingesikia." Sasa nikaelewa kwa nini maombi yangu yalikuwa yanakauka. Kila nikipiga magoti kulikuwa na chumba kimoja ambacho sikutaka tukiingie, na mazungumzo ya kukwepa jambo yanachosha. Nani ataamka gizani kwenda kuchoshwa?

Lakini kilichonigeuza hasa ni Kaini. Tunamkumbuka kwa damu ya Habili, tunasahau kwamba Mungu alimjia kabla. Mwanzo 4 inasema alimuuliza kwa nini ana ghadhabu, kwa nini uso wake umekunjamana, akamwonya kwamba dhambi inamwotea mlangoni. Wakati huo hakuna aliyeumizwa. Kila kitu bado kiko ndani. Na Kaini hajibu. Mstari unaofuata anazungumza na ndugu yake, na wote wawili wako uwandani. Nilisoma hapo nikahisi nimeulizwa swali lile lile kwa miaka, nami najibu kwa kusoma orodha ya mahitaji.

Nilikwenda kwa mama mmoja mzee kanisani, mtu asiyetoa siri, kwa sababu Yakobo 5:16 inasema tuungamiane dhambi zetu na kuombeana. Nikazunguka sana. Akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, hiyo ina jina. Litaje." Nikalitaja. Nikamuuliza kama niende kwa yule ndugu nikamwombe radhi. Akakataa. Alisema Mathayo 5, ile ya kuiacha sadaka madhabahuni, inamhusu ndugu aliye na neno juu yangu, na huyu hana habari; nikimpelekea wivu wangu nitakuwa nimemtwisha mzigo ili mimi nipumue. Ila akaniuliza nimemsema kwa nani. Basi nikarudi nyumbani kwa mke wangu, ambaye ndiye aliyesikia. Kumwambia "yale maneno yalikuwa wivu" kulinichukua siku tatu. Alijibu, "Nilijua," akaendelea na alichokuwa anafanya.

Kuhusu utaratibu wenyewe, nilipunguza karibu kila kitu. Dakika 10, kiti kile kile, hakuna daftari. Naanza na Zaburi 139:23, "Ee Mungu, unichunguze," halafu nanyamaza mpaka kitu kijitokeze, nakisema kwa jina lake. Si "unisamehe makosa yangu yote", maana sentensi hiyo nilijificha ndani yake miaka mingi. Nasema: jana niliposikia kikundi kimeongezeka sikufurahi. Baada ya hapo ndipo namwombea yule ndugu, kitu kimoja mahususi: afya yake, watoto wake, somo la wiki hiyo. Wiki za kwanza maneno yalitoka makavu kama naisomea mahakama. Sikusubiri yalainike ndipo niombe.

Nikikosa siku, sirudishi deni. Zamani nilikosa moja nikajiahidi saa nzima kesho, na kesho hiyo ndiyo iliyoniua. Sasa nimepita mwaka mmoja na miezi, nimekosa siku nyingi tu, ila sijaacha. Nilijifunza pia kutofautisha wazo linalopita na wazo ninalolivutia kiti. Yakobo 1 inasema tamaa ikiisha kuchukua mimba ndipo huzaa dhambi. Kwa hiyo si kila kinachonipitia kichwani nakiungama kwa kilio, hilo nalo lingenirudisha kwenye kujitazama mwenyewe tu.

Wivu haujafa. Majuzi ndugu yule alikuwa anafundisha Warumi, akachanganya mistari, akasimama, akafungua kurasa huku na huku. Nikahisi kale kafuraha kadogo, kale kale. Nikainamisha kichwa nikakasema pale pale, kimoyomoyo, kabla hajaupata mstari. Kisha nikainua mkono nikamtajia: sura ya 7, mstari wa 18.