Nilivyowafundisha wanafunzi kuandika insha ya utafiti kwa vyanzo vingi

Mara ya kwanza nilipowapa wanafunzi wangu wa kidato cha tano insha ya utafiti kuhusu Vita vya Maji Maji, niliwaagiza watumie vyanzo visivyopungua vitatu, nikaona yatosha. Walitii. Insha karibu zote zilikuja na aya tatu zilizoanza kwa "kwa mujibu wa", kila aya ikiwa muhtasari wa kitabu kimoja, kana kwamba waandishi hao hawajawahi kusikiana. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilidai idadi nikasahau kudai hoja.

Muhula uliofuata nilitoa swali finyu: ni watu wangapi walikufa katika vita hivyo vya mwaka 1905 hadi 1907, na kwa nini takwimu zinapishana? Makadirio rasmi ya Wajerumani yalikuwa watu 75,000, ilhali mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee katika miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Niliziandika tarakimu hizo ubaoni bila maelezo yoyote. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Sasa mwalimu, tuandike ipi?" Nikamjibu kwamba hilo ndilo la kuandikia insha.

Tulichora jedwali, vyanzo vikiwa juu na maswali upande wa kushoto: nani anasema, alizipata wapi habari zake, anazungumziaje njaa iliyofuata baada ya majeshi kuteketeza mashamba na akiba za chakula. Sharti lilikuwa kujaza kila kisanduku kwa maneno yao wenyewe, kitabu kikiwa kimefungwa, kisha kukifungua ili kuhakiki na kuandika namba ya ukurasa. Sharti hilo lilipunguza kunakili kuliko vitisho vyangu vyote vya awali. Kila aya ikatokana na swali, ikipita katika vyanzo vyote. Visanduku vitupu havikufutwa, maana ukimya wa chanzo nao ni habari. Mjadala tuliufanya kwa Kiswahili, ingawa insha iliandikwa kwa Kiingereza, na sioni kama wangebishana vile kwa lugha nyingine.

Msichana yule alihoji iwapo serikali iliyochoma chakula ingekuwa na hamu ya kuwahesabu waliokufa kwa njaa, akaijenga hoja hiyo kwa kurasa mbili. Nilimkata alama moja tu, kwa kusahau namba ya ukurasa.