Kikapu changu cha dawa

Nina miaka 71, naishi Igombe, hapa pembeni ya jiji la Mwanza. Sukari ninayo mwaka wa 14 huu, presha mwaka wa tisa, na magoti siku hizi yananiamsha kabla ya jogoo. Watu hudhani kazi ni kumeza vidonge. Kumeza si shida. Mimi kilichonitesa ni kwamba sukari ina kliniki yake na siku yake, presha nayo vivyo hivyo, na huku hawajui kule nimepewa nini.

Magoti hayakuwa na kliniki. Hayo niliyatibu mwenyewe duka la dawa, pale ninaposhukia daladala. "Bibi, chukua hizi, zinatuliza haraka." Na kweli zilituliza, nikaweza tena kuinama kuanika dagaa. Ila miguu ikaanza kuvimba, kandambili zikakataa kuingia, na presha iliyokuwa imetulia ikapanda hadi 190 kwa 110. Kliniki wakaniongezea dawa, haikushuka. Wakaniambia huenda simezi vidonge. Iliniuma sana, maana sijaruka hata siku moja.

Aliyenivusha ni nesi mmoja kijana. Aliniamkia, akavuta kiti, akasema: "Bibi, ukija tena niletee kila unachomeza, cha dukani na cha mitishamba pia." Nikavibeba vyote kwenye kikapu changu cha sokoni, akavimwaga mezani. Akaokota boksi mbili, moja ya kijani na moja nyeupe. Zote nilikuwa namezea magoti nikijua ni dawa mbili. Akaweka kidole kwenye maandishi madogo chini ya jina kubwa: huku diklofenaki, na huku diklofenaki. Akanieleza kwamba dawa za jamii hiyo huufanya mwili ushike chumvi na maji, hupandisha presha, huipunguzia nguvu dawa ya presha, na figo za mzee mwenye sukari huweza kuharibika. Daktari akazisimamisha, akanipa parasetamoli, akaagiza figo zipimwe. Baada ya wiki tatu kandambili ziliingia.

Tangu siku hiyo nina daftari. Mjukuu wangu huandika lile jina dogo, dawa ni ya nini, naimeza saa ngapi, nani aliniandikia. Hata nikienda kutibiwa macho, daftari na kikapu viko nami. Wapo madaktari wenye haraka. Nalifungua hivyo hivyo mbele yao.

Nabeba pia sukari kidogo kwenye karatasi. Siku moja nikisubiri kivuko cha Kamanga, sijala tangu alfajiri, jasho la baridi lilinitoka na mikono ikatetemeka. Vipo vidonge vya kisukari, kama glibenklamidi, vinavyoishusha sukari kupita kiasi mtu akikaa na njaa. Mzee mwenzangu, uliza kama chako ni kimojawapo.

Kayabo, yaani samaki mkavu wa chumvi, nimeiacha kwa sababu ya hiyo chumvi, na nakiri naikumbuka. Sasa nachemsha sato mbichi kwa ndimu na nyanya, na ugali wa muhogo tonge chache.

Magoti bado yanauma, masika hasa. Asubuhi natembea polepole hadi mwaloni, wakati mitumbwi ya dagaa inaingia, kisha narudi. Jana presha ilisoma 138 kwa 82. Nilimwambia mjukuu aiandike kwa kalamu nyekundu.