Mtungi uko juu kidogo

Kibali cha biashara yangu bado. Ada nimelipa, risiti ninayo, na faili lina kila karatasi iliyotajwa kwenye tangazo la ukutani pale ofisini. Naandika usiku huu kwa kuwa nyumbani wameshachoka kusikia habari za mkaguzi.

Na mkaguzi mwenyewe ni mtu wa heshima zake. Alichelewa, akaomba radhi, akakagua nyaya, akafungua na kufunga mlango wa dharura, kisha akafika kwenye mtungi wa kuzimia moto. Akautazama kwa muda. "Huu mtungi uko juu kidogo," akasema. Nikamuuliza unatakiwa uwe kimo gani, niushushe hata saa hiyo hiyo, maana drili ilikuwepo. Akatabasamu. "Kaka, hayo ndiyo mambo ya kukaa tukaongea." Akaikunja fomu yangu katikati, akaichomeka kwenye mfuko wa shati, akabaki amesimama.

Hakudai kitu. Nikiitwa mahakamani kesho nieleze alisema nini, nitasema alisema mtungi uko juu.

Rushwa za magazetini zina mikataba na akaunti za nje. Hii yangu haina hata sentensi moja. Yule bwana amenyamaza ili mimi ndiye nitamke, na nikishatamka, mshawishi ni mimi. Tena katika nchi nyingi sheria inawatia hatiani wote wawili, anayetoa na anayepokea. Tukishapeana tu, siri ni yetu sote na mdomo wa kumshtaki sina tena. Mwaka 2011 Kaushik Basu, aliyekuwa mshauri mkuu wa uchumi wa serikali ya India, alipendekeza kwamba mtu anayetoa hongo ili apate kilicho haki yake asihesabiwe mkosaji; abanwe mpokeaji peke yake, ili mtoaji athubutu kwenda kusema. Walimshambulia sana. Mimi namwelewa, ingawa nina shaka kama pendekezo lake lingenifaa. Kibali huhuishwa. Nani atamshtaki mtu ambaye mwakani atasimama tena mbele ya dirisha lake?

Ushauri niliopewa na karibu kila mfanyabiashara ninayemjua ni huu: jiongeze, toa yaishe. Hata vishoka wa pale getini, ambao wanajua faili langu liko meza gani kuliko ninavyojua mimi, wimbo wao ni huo huo.

Shida ni kwamba hayaishi. Wachumi Daniel Kaufmann na Shang-Jin Wei walichapisha utafiti mwaka 1999 uliolinganisha makampuni ya nchi nyingi, wakakuta yanayotoa hongo zaidi ndiyo yanayopoteza muda mwingi zaidi yakijadiliana na maofisa. Sikushangaa. Ukishajulikana kwamba mkono wako ni mwepesi, kwa nini mtu aharakishe faili lako? Kule India kamati ya Santhanam, iliyoundwa na serikali kuhusu rushwa, ilishaandika mwaka 1964 kwamba baadhi ya watumishi huchelewesha kazi kwa makusudi ili walipwe kuiharakisha. Kwa maneno mengine, foleni yenyewe ndiyo inayouzwa.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda zaidi. Mwaka 1983 kundi la mchumi Hernando de Soto kule Lima, Peru, lilijaribu kusajili karakana ndogo ya kushona nguo kwa kufuata kila hatua ya kisheria. Iliwachukua siku 289. Waliombwa hongo mara kumi, na mara mbili tu ndipo walipokosa namna ya kukwepa. Watu husimulia hiyo 289. Mimi nimeshikilia hiyo mbili. Maana yake maombi mengi yalikuwa chambo tu. Usipouma, mwenyewe anauvuta uzi wake na kwenda zake. (Zile mbili zilizobaki sitaki kuzifikiria usiku huu.)

Kinachoniudhi kuliko pesa ni ule mtungi. Labda ni kweli uko juu! Nina msaidizi mfupi, na siku ya moto hataweza kwenda kutafuta kiti. Kipimo kile kiliwekwa kwa ajili yake, na mtu anayekijua amekiweka mfukoni pamoja na fomu yangu, akisubiri bei. Nikimlipa, fomu itagongwa mhuri na mtungi utabaki pale pale, na msaidizi wangu ataamini mahali hapa pamekaguliwa.

Halafu shaka imenienea. Jana karani mmoja aliniambia mtandao unasumbua nisubiri. Nikaanza kumsoma uso, ananitaka nini huyu? Akageuza skrini ili nijionee. Kweli ulikuwa unasumbua. Kijana wa watu anafanya kazi yake kwa uaminifu, na mimi simtofautishi tena na mwenzake.

Nilichofanya ni kuandika barua. Fupi, haina lawama wala jina la mtu: naomba nipewe kwa maandishi kasoro zilizoonekana kwenye ukaguzi, pamoja na kimo sahihi cha mtungi, ili nirekebishe. Nikachapa nakala mbili, nikazipeleka mapokezi. Mama aliyekuwa pale akaisoma yote, akanitazama juu ya miwani.

"Hii umeiandika mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Akagonga mhuri wa kupokelewa kwenye nakala zote mbili, akaandika tarehe kwa mkono, akanirudishia moja. "Usiipoteze hii, mwanangu."

Leo jioni mkaguzi amepiga simu. Sauti ile ile ya upole. "Kaka, mbona mpaka barua? Si tungeongea tu." Nikamwambia sina neno na yeye, nasubiri vipimo. Akanyamaza kidogo, nikasikia makaratasi yakipekuliwa, kisha akasema atapita Alhamisi asubuhi kurudia ukaguzi. Sijui anakuja na nini. Nimemwomba fundi umeme awepo, na yule anayenisaidia mahesabu pia, tuwe wengi chumbani.