Wasifu wangu ulikuwa umelala miaka 6

Tangazo la kazi nililiona Jumatatu, mwisho wa kutuma Jumatano. Wasifu wangu ulikuwa wa miaka 6 nyuma. Hata mwezi nilioanza kazi ya pili sikuukumbuka. Nilikesha nikipekua barua pepe na hati za mshahara kutafuta tarehe. Nilituma, ila nusu ya niliyoyafanya ilibaki nje.

Sasa nina faili moja refu, lisilotumwa kwa yeyote. Kila mwisho wa mwezi naandika humo nilichofanya, tarakimu zikiwa bado mbichi: wateja wangapi, siku ngapi za kumaliza kazi zimepungua. (Miezi mingine ni mstari mmoja tu.) Likija tangazo, nanakili faili na kukata yasiyohusika hadi zibaki kurasa mbili. Mara ya mwisho ilinichukua dakika 40, nyingi zikiishia kwenye barua ya maombi.