Kijiti cha kibiriti

Kijana wangu wa kwanza anaingia chuo mwezi ujao. Juzi, tukimalizia bukari, ugali wetu, akaniuliza kama si heri anyoe kichwa mwenyewe kabla bapoil, wanafunzi wa zamani, hawajamnyoa kwa nguvu. Mama yake alicheka. Mimi pua ilijaa harufu ya nta nyekundu, ile ya kung'arisha sakafu, ambayo nyumba nyingi za Lubumbashi zimeipakwa.

Siku zangu za kuitwa bleu, yaani mwanafunzi mgeni, zilikuwa ni zilezile: kuimba juani, kusalimia miti, kuchotea wakubwa maji. Nazipita. Usiku mmoja tu ndio haujanitoka.

Umeme ulikuwa umekatika. Poil mmoja wa historia, mwembamba, amevaa koti la mvua na mvua yenyewe haijaanza, alinipa kijiti cha kibiriti nipime korido yote ya bweni, nimletee hesabu kamili. Nikapiga magoti. Unalaza kijiti, unabana ukucha penye ncha, unakiinua, unakilaza tena mbele ya ukucha. Nta inanata magotini. Yeye ananifuata taratibu, mkono mmoja mshumaa, mwingine ndani ya mfuko wa ndakala, samaki wadogo wakavu, ambazo mama alinifungia nile mwezi mzima.

“Bleu, unajua weye ni nyama ya pori?”

“Ndiyo, poil.”

“Haujue. Pima tu, mi nakuelezea.”

Akaanza. Zamani katika vyuo vya Ujerumani mwanafunzi mgeni alihesabiwa mnyama kweli. Walimvika pembe, wakampachika meno makubwa, halafu wakaja na msumeno na koleo: pembe zikakatwa, meno yakang'olewa, akawa mtu. Kisha karamu ilikuwa juu yake, yeye aliyekatwa. Paris nako wageni walikamuliwa pesa mpaka chuo kikatunga sheria ya kukataza.

“Kukataza!” alirudia, akatia ndakala nyingine mdomoni.

Kutoka Paris alinipeleka Leuven, chuo cha mwaka 1425, mzazi wa Lovanium iliyofunguliwa Kinshasa mwaka 1954. Wabeleji walipokigawanya kwa ugomvi wa lugha, uamuzi wa mwaka 1968, hata vitabu vya maktaba waligawana: vyenye namba shufwa upande huu, witiri upande ule. Hapo alisimama, mshumaa ukamdondokea kidoleni, na hakujali. Nadhani hicho ndicho kilichomuuma kuliko yote, ensaiklopedia moja kukatwa nusu kwa nusu. Nilimchukia sana usiku ule, magoti yakiwaka moto. Na nilitaka korido iwe ndefu zaidi ili aendelee.

Hesabu ilikuwa imenipotea tangu kwenye pembe. Tulipofika ukutani nikataja namba kubwa, yoyote. Aliiandika kwenye karatasi kwa makini, akatia sahihi kama karani wa mahakama, akanikabidhi. Mfuko wa ndakala hakunikabidhi.

Miaka ilipita ndipo nikasoma habari za Bologna, chuo kinachojihesabia kuanzia mwaka 1088. Kule wanafunzi ndio walioajiri maprofesa. Profesa akichelewa, faini. Akiendelea kufundisha baada ya kengele, faini. Wasikilizaji wasipofika watano, ilihesabiwa kwamba hakuja kazini. Akitaka kutoka mjini aliacha pesa za dhamana, ili arudi. Nilisoma ukurasa ule mara mbili. Sisi tuliamka alfajiri kushika nafasi, kila mtu na kiti chake cha plastiki kichwani, na ikifika saa sita anakuja mtu kututangazia kwamba profesa amesafiri. Dhamana ya nani? Tulibeba viti tukarudi.

Basi pembe zilivuka bahari hadi Katanga kwetu, faini ikabaki Bologna. Nani alichagua mzigo upi upakiwe melini, sijui. Labda hakuchagua mtu. Kijana nimemwambia anyoe. Kesho yake nikamwambia asinyoe, na mama yake amenikataza kulizungumzia tena.

Swali hilo la pembe na faini ningependa kumpelekea yule poil wa koti la mvua. Tatizo ni kumpata. Siku hizi naye ni profesa, na wanafunzi wake nao wanamtafuta.