Mraba wa sentimita 5

Niliacha kutafuta kazi ya ofisini kwa sababu ya ripoti moja. Nilikuwa kwenye mafunzo kazini, miezi sita, idara ya takwimu, meza ya tatu kutoka mlangoni. Jumatatu niliichapa ripoti, nikaiprinti, ikaenda kusainiwa. Alhamisi ikarudi na sahihi nne na muhuri, ikawekwa mezani kwangu. Mkuu wa kitengo alitaka niichape upya, maana faili limepotea na kilichobaki ni karatasi. Faili halikuwa limepotea. Lilikuwa kwenye kompyuta iliyokuwa mbele yangu, na nilisema hivyo mara mbili. Nikaambiwa nichape tu.

Nikachapa. Jirani yangu wa meza, mzee mmoja mpole aliyekuwa na kandambili kwenye droo kwa ajili ya saa za mchana, akaniinamia akasema taratibu: "Utazoea, binti yangu." Alikuwa ananifariji. Lakini neno hilo ndilo lililoniogopesha, kuliko hata ile ripoti.

Kushona nilikuwa najua. Shangazi yangu ni fundi cherehani, nami nimekulia chini ya meza yake nikiokota vipande. Pateni zake, yaani vielelezo vya karatasi vya kukatia kitambaa, alikuwa anazikata kwenye magazeti ya zamani na kuzitundika zote kwenye msumari mmoja ukutani, kila moja imeandikwa jina la mtoto aliyeshonewa kwanza. Wengi wa watoto hao sasa wana ndevu. Siku moja nikiwa nazipanga ndipo nikawaza: nguo kila mtu anauza, lakini hizi karatasi je? Watu wenye cherehani nyumbani wako kila mahali duniani, na wengi wanajua kushona kuliko kukata. Mtu wa namna hiyo hahitaji nguo yangu, anahitaji mistari.

Nilijiona nimegundua jambo. Baadaye nikaja kusoma kwamba mwaka 1863 fundi mmoja wa Marekani, Ebenezer Butterick, na mkewe Ellen, walianza kuuza pateni za karatasi zenye saizi tofauti tofauti. Kabla ya hapo pateni ilikuwa na saizi moja, na kuikuza au kuipunguza ni shauri lako. Kwa hiyo nilikuwa nimechelewa zaidi ya miaka 150. Tofauti yetu ni kwamba yeye ilimbidi akunje karatasi. Mimi ningetuma faili la PDF, ambalo likishachorwa linauzwa mara elfu moja bila kuisha.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayopendwa sana na wanaouza kozi za kutajirika ukiwa umelala. Ni kweli, faili haliishi. Wasichokuambia ni kwamba na kosa lililomo ndani ya faili nalo haliishi.

Kuchora kulinichukua miezi minne. Nilitumia Inkscape, programu ya bure, na gauni moja tu la mtoto, saizi kuanzia miaka 2 hadi 8. Nilidhani kazi ni kuchora saizi ndogo kisha kuivuta ikue. Shangazi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Mtoto wa miaka 8 si mtoto wa miaka 2 aliyevutwa. Bega linaongezeka kidogo tu, urefu wa gauni unaongezeka sana, shingo karibu haiongezeki, na kwapa lina hesabu yake peke yake. Ukivuta kila kitu sawasawa unapata gauni lenye shingo ya kuingiza vichwa viwili. Ilibidi nikae naye jioni baada ya jioni, futikamba mkononi, yeye anataja namba kutoka kichwani na mimi naandika. Hakuwahi kuziandika popote. Miaka thelathini ya ufundi ilikuwa kwenye vidole vyake na kwenye ule msumari.

Halafu nikapoteza wiki saba kuchagua rangi za duka langu la mtandaoni. Hili nalisema kwa aibu. Tobias Lütke na wenzake mwaka 2004 walifungua duka la mtandaoni la kuuza mbao za kutelezea kwenye theluji, hawakuridhika na programu za duka zilizokuwepo, wakaandika ya kwao, na mwaka 2006 hiyo programu ndiyo ikawa biashara yenyewe: Shopify. Basi nami nilijipa moyo kwamba kuhangaika na duka kuna faida. Ila wao walikuwa wanaandika programu. Mimi nilikuwa nabadilisha kijani kuwa kijani kingine. Nilikuwa naogopa kufungua, basi.

Mauzo ya kwanza yaliingia usiku, kutoka kwa mtu nisiyemjua, nchi nisiyowahi kufika. Nilimwamsha mama.

"Mama, nimeuza!"

"Umeuza nini saa hizi?"

"Pateni. Ile ya gauni."

"Kwa hiyo umemtumia karatasi?"

"Sijatuma karatasi, mama. Ataprinti mwenyewe kwake."

"Na amekulipa?"

"Amelipa."

Akafikiri kidogo. "Haya. Mwombe amwambie na mwenzake," akageukia ukutani akalala.

Mwenzake alikuja, na wengine. Mwezi wa tatu nilikuwa nimeuza pateni 41, nikaanza kujisikia mtu mwenye biashara. Ndipo ikaja barua pepe ya kwanza: gauni limebana. Nikajibu kwa upole, nikamwomba apime mtoto upya. Ya pili: limebana. Ya tatu haikuwa na upole wowote, na mwandishi wake alikuwa amenunua kitambaa cha gharama kwa ajili ya harusi. Nikachukua faili langu, nikaprinti, nikapima kila mstari, nikashona gauni zima usiku mmoja. Likatoka sawa. Nikawaza, hawa watu hawajui kupima watoto wao.

Mteja wa nne ndiye aliyeniokoa, naye wala hakuwa analalamika. Alituma picha ya karatasi aliyoprinti akiwa ameweka rula juu yake, akauliza tu kama ni kawaida mstari nilioandika sentimita 10 usome sentimita 9.4.

Nilikaa na ile picha karibu saa nzima. Tisa nukta nne. Nchi nyingi duniani zinatumia karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297. Marekani na Kanada wanatumia yao, Letter, ambayo ni pana kidogo kuliko A4 lakini fupi: 216 kwa 279. Faili langu lilikuwa la A4. Mtu akiliprinti kwenye Letter, printa inamuuliza, au mara nyingi haimuulizi kabisa, kama ipunguze ukurasa ili uenee. Gawanya 279 kwa 297: asilimia 94. Gauni nililochora liwe na kifua cha sentimita 64 linatoka na 60.2. Mtoto mwenye kifua cha 60 analivaa, ndiyo, lakini kupumua ni jambo lingine.

Walikuwa wanajua kupima watoto wao vizuri kabisa.

Kati ya wale watatu wa mwanzo, wawili walikuwa wameshakwenda benki zao kudai pesa. Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho wale wa kozi hawakitaji: mteja akipitia kwenye benki yake badala ya kukuomba wewe, pesa inachukuliwa kwanza, maelezo baadaye, na juu yake unakatwa ada ya usumbufu hata kama pateni yenyewe ilikuwa ya bei ndogo kuliko hiyo ada. Kampuni iliyokuwa inanipokelea malipo ikaona madai mawili kwenye akaunti changa, ikazuia salio langu lote kwa wiki tatu. Niliandika, nikajibiwa na mashine. Nikaandika tena, nikajibiwa na mashine nyingine yenye jina la kike. Wiki hizo tatu niliyakumbuka mafunzo kazini kwa hamu, nakiri, hata yule mkuu wa kitengo. Angalau yeye alikuwa na mlango wa kugonga.

Pesa ilipoachiliwa niliwarudishia wanunuzi wote wa pateni ile waliokuwa kwenye nchi za Letter, hata ambao hawakulalamika. Shangazi aliona ni ujinga. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba kurudisha kwa hiari ni rahisi kuliko ada moja ya benki, kwa hiyo sitaki mtu anipambe kwa uaminifu.

Kisha nikapanga kurasa upya. Siku hizi mistari yangu yote inakaa ndani ya sentimita 19 kwa 25, eneo linaloenea kwenye A4 na kwenye Letter bila printa kupunguza chochote. Na kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya kila kitu, kuna mraba wa sentimita 5 kwa 5 wenye maneno: "Printi ukurasa huu peke yake. Pima mraba huu. Ukisoma 4.7, usikate kitambaa." Watengenezaji wengine wa pateni wanauweka huo mraba tangu zamani. Nilikuwa nimeuona kwenye pateni zao mara nyingi nikadhani ni pambo.

Watu huniuliza kama nilifanikiwa kuikimbia ofisi. Asubuhi nafungua barua pepe kabla ya cherehani. Nina daftari la malalamiko, lenye tarehe, tatizo, na nilichofanya, na silipuuzi hata siku moja. Nina mafaili yenye majina yaliyopangwa kwa namba ya toleo, nakala tatu sehemu tatu, kwa sababu nilishaapa kwamba faili langu halitapotea wala halitasemekana limepotea. Sehemu kubwa ya nidhamu hiyo niliipata pale meza ya tatu kutoka mlangoni. Kipato bado kinapanda na kushuka. Miezi miwili mwaka huu ningekuwa nimepata zaidi kama ningeendelea kule. Lakini kitu kikirudi kwangu kufanywa upya, najua ni kwa nini, na mara nyingi kosa ni langu.

Shangazi sasa anapata fungu lake kwenye kila pateni inayouzwa. Alikataa kwanza, akasema namba hazina mwenyewe. Nikamwonyesha orodha ya nchi zilikofika namba zake. Akaisoma yote kwa kidole, akauliza hawa wa nchi ya nane wanashonea kitambaa gani, nikasema sijui, akasema niulize. Niliuliza. Wanashonea mashuka ya zamani.

Jana jioni ameandika mteja mpya. Amepima mraba, unasoma 4.9. Ashone au asishone? Nikapiga hesabu: asilimia 98, kifua cha 64 kinakuwa 62.7, kwa mtoto mwembamba litaingia. Nilishaanza kuandika "shona tu" nikafuta. Printa nyingine huvuta karatasi vibaya kwa upande mmoja tu, na hapo tatizo ni la urefu au la upana, si yote mawili. Nikamuuliza: umepima upande mmoja, au zote mbili? Bado nasubiri jibu lake.